Shilingi Iliyozibwa Tundu

Mbinga Mjini,
Agosti 1996

Mdogo wangu Stephano,

Naamini barua hii itawakuta wazima huko Liuli, wewe, wifi yangu Lidia na watoto. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imetukomesha, na Baba anashinda jikoni akiota moto. Kifua chake kimepona. Anakula, anasali, anagombana na kuku wangu. Barua yako niliipata pamoja na kifurushi cha usipa, dagaa wenu wa ziwani. Ahsante. Mimi sikuula, na kwa nini sikuula utaelewa ukisoma mpaka mwisho.

Umeniomba nikujibu upesi kama nakubali Baba ahamie kwako, apate joto la ziwani na awe karibu na hospitali, na shamba lake la kahawa la Mapera ulisimamie wewe. Ni kweli kwamba yeye hataki kuamua mpaka mimi dada yenu mkubwa niseme neno, na kila jioni ananiuliza. Nilikuwa nimeshakubali moyoni. Hata koti lake la safari nilikuwa nimelifua na kulipiga pasi. Sasa nivumilie nikueleze kilichonizuia.

Unajua tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua kahawa, mji huu umejaa wageni wenye mizani na maneno mengi. Mmoja anaitwa Nazari. Huyu, mbali na kahawa, ananunua sarafu zilizokosewa kiwandani. Anadai wako watu Dar es Salaam wanaozitafuta kwa bei ambayo ukiisikia unakaa chini. Basi watu wamepagawa, kila mtu anapekua mifuko na vibuyu. Nazari amefanya benchi la dukani kwangu kuwa ofisi yake, na kwa kuwa mimi nimeshika chenji za watu tangu nifungue duka, aliniomba nimsaidie kuchambua nzima na za uongo.

Stephano, nimeona uchafu. Wako waliolaza shilingi kwenye maji ya betri mpaka zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, wakaapa kwa Bikira Maria kwamba zimetoka hivyo kiwandani. Yuko aliyesugua mbili kwenye jiwe na kuzigandisha ziwe na kichwa pande zote mbili; nilipoidondosha kwenye kaunta ililia kama kifuniko cha soda. Mzee mmoja wa heshima, tena msoma somo kanisani, alileta senti nyeusi tii yenye madoa ya kijani. Niliisogeza karibu na uso niikague vizuri. Nilipombana aeleze rangi ile imetoka wapi, akakiri kwamba alikuwa ameifukia chooni. Nilinawa kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawasha, na siku ile chakula hakikupita.

Kuzitambua wala si kazi kubwa. Kasoro ya kiwandani mara nyingi huwa imo kwenye chuma kabla ya muhuri kupigwa, kwa hiyo maandishi hupita juu yake bila kuumia. Jeraha la huku kwetu hukata herufi na kuzisukuma pembeni, na chuma hujikunja pembezoni mwa kidonda. Ukishalijua hilo, uongo wa mtu unausoma kwa kidole.

Juma lililopita Nazari alirudi kutoka ziwani akiwa na furaha ya bwana harusi. Alifungua leso akanionyesha shilingi moja ya zamani, ile ya mwenge, yenye uvimbe kando ya mwenge kama jicho. Alisema amempa muuzaji pesa nzuri, na kwamba muuzaji aliipata tumboni mwa samaki aitwaye mbasa alipokuwa anampasua. Nilicheka. Uvimbe ulikuwa na rangi ya risasi, mwali wa mwenge ulikatika katikati, na upande wa pili chuma kilikuwa kimejikunja pale msumari ulipotokea. Nilimwambia ni shilingi ya kawaida iliyotobolewa, kisha fundi redio akaziba tundu kwa lehemu na mtu akaing'arisha kwa majivu.

Halafu nikaigeuza nitazame ukingo, na kicheko kikaniishia. Ukingo ulikuwa umelika upande mmoja, umenyooka, una mikwaruzo miwili.

Hakuna shilingi nyingine duniani iliyolika hivyo. Unamkumbuka Mama msimu wa kahawa, jinsi alivyokuwa akiinamia mashine ya kumenyea na kukaza skrubu kwa shilingi yake ya shingoni, bila kuivua, kichwa kikiwa karibu kuingia kwenye mashine? Kila mwaka Baba aliahidi kununua bisibisi na kila mwaka hakununua. Tulikuwa tunamcheka mpaka anatufukuza kwa maganda ya kahawa. Shilingi ile Baba alimpa kutoka mauzo yao ya kwanza, akaitoboa mwenyewe kwa msumari wa bati. Mama alipofariki, Kwaresima ya mwaka jana, Baba aliomba jambo moja tu: azikwe nayo kiganjani.

Nazari alipogundua ametapeliwa alitukana, akaitupa shilingi kwenye kaunta, akasema niichukue nifanyie ninalotaka. Nilimuuliza aliyemuuzia ni mtu gani. Alisema ni mchuuzi wa usipa, anatumia mkono wa kushoto, kidole chake cha shahada hakina ukucha, na yeye humwita kila mtu mwanakwetu.

Ni wewe, Stephano.

Baba alikupa wewe shilingi ile uiweke, kwa kuwa wewe ndiye mtoto wa kiume. Uliinama juu ya jeneza ukalia kwa sauti mpaka sote tukarudi nyuma kukupisha. Shangazi Katarina alikushika kiuno usianguke. Nilikuonea huruma kuliko nilivyojionea mimi mwenyewe, na kumbe ndani ya kilio kile ulikuwa unaificha ngumi yako mfukoni. Yule mzee wa chooni nimemsamehe, maana alichafua senti yake. Wewe unanitia kinyaa, mtoto wa tumbo moja na mimi. Nilipofungua kifurushi chako niliona vidole vyako juu ya kila samaki, nikampa jirani kifurushi kizima na karatasi yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Baba habanduki hapa. Siwezi kumkabidhi mzee aliye hai kwa mkono uliompora maiti. Shamba la Mapera nitalisimamia mimi, na Nazari au mnunuzi mwingine yeyote asije akasema umemwahidi kahawa yake. Usijisumbue kuja kujieleza, na habari za mbasa nimeshazisikia.

Baba sijamwambia na sitamwambia. Nimemweleza tu kwamba joto la ziwani litamsumbua, akakubali. Jioni akiota moto hupenda kusema kwamba walau Mama hakuondoka mikono mitupu, nami naitikia. Lehemu nimeitoa kwa msumari, tundu liko wazi kama Baba alivyolitoboa. Siku ya Marehemu Wote nitaifukia kaburini mwenyewe. Ukija, simama nyuma ya watu.

Nisalimie wifi na watoto. Hao sina neno nao. Gaudiosa, binti yangu, anawasalimu pia.

Baba naye amesikia nakuandikia, na amenisimamia hapa mpaka niandike salamu zake kama alivyozitamka. Anasema Mungu akubariki, mwanawe, na kwamba hatasahau mpaka afe jinsi ulivyomshika Mama mkono mara ya mwisho.

Ni mimi dada yako,
Ottilia