Kaye Mbili za Mzee Ramazani

Kamembe, Rusizi
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Feza,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye mvua. Mimi ni mzima, ila wiki hii roho imekaa juujuu. Kalemie mnaendeleaje? Mama anakula vizuri? Bado anakuita kwa jina la shangazi?

Nina mgonjwa, Mzee Ramazani, fundi cherehani wa hapa Kamembe. Ana ugonjwa wa kusahau kama Mama. Alikuwa hapati usingizi, anataka tu kwenda kufungua duka aliloliuza zamani. Hapa kituo cha afya nilimwandikia kidonge kimoja cha kumtuliza.

Jumanne saa nane mchana binti yake, Maman Zaituni, alimleta kwa machela. Hakuwa ameamka tangu jana yake, na pumzi zilikuja moja moja. Nikafungua daftari lake la matibabu, tunaloliita kaye: kidonge kimoja, mwandiko wangu. Nikapima sukari, presha, malaria. Sikuona kitu.

Ndipo Espérance, mjumbe wa afya wa mtaa wao, aliposema: "Maman, toa na ile kaye ingine."

Ikatoka kwenye mkoba. Humo nikasoma: hospitali walimpa dawa ileile kwa jina lingine, na duka la dawa likaongeza ya tatu, naye alikuwa akimeza zote.

"Mbona ulinificha?" nikafoka.

"Niliogopa, Muganga. Ulinigombezaka ile siku. Nikasema ukiona naenda kwa bengine, utakatala kumutunza Papa."

Ni kweli. Nilimgombeza mbele ya watu, eti anazungukazunguka kwa watabibu wengine kama hatuamini.

Nikamgeukia Espérance. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Lakini hapa ni nani aliniulizaka kitu?"

Gari la wagonjwa likamchukua Mzee kwenda hospitali. Alhamisi alifumbua macho, akaomba uzi mweusi. Nilijifungia chooni nikalia.

Ijumaa tukakaa: muuguzi wa hospitali, muuza dawa, Espérance na mimi. Tulirushiana lawama mpaka Espérance akapiga meza: "Muzee ni mumoja! Munamutunza bantu bane na hamuzungumuzake!" Sasa kaye ni moja. Hakuna anayeongeza dawa kabla ya kusoma ya mwenzake na kumpigia simu. Espérance naye anaandika, maana ndiye anayemwona Mzee kila siku.

Sasa nije kwako. Najua ulimpeleka Mama kwa yule mganga wa miti shamba. Shemeji aliteleza ulimi kwenye simu. Najua pia kwa nini hukuniambia. Nunua kaye moja, andika kila anachomeza, cha hospitali na cha miti, kisha unipigie unisomee. Sitagomba.

Msalimie shemeji, mdomo wake safari hii umefaa. Wasalimie watoto, na jirani yetu muuza dagaa. Mama naye msomee salamu zangu, hata akiuliza Bahati ni nani.

Mdogo wako anayejifunza kuuliza,
Bahati