Nilimushika kaka yangu miguu

Maman Kamikazi mpendwa, nisaidie mbele sijaharibu zaidi, mimi ni Nzigire, fundi wa kushona hapa Mibirizi, naishi na bwana yangu Fabien na kaka yangu Mukengere, ni yeye alinilea Bukavu baada ya papa kufa, alikuwa ananisuka nywele vibaya mpaka batoto ba shule banacheka, lakini kila Jumapili ananisuka. Akiwa na myaka ishirini na mbili alianza kusikia sauti, akatupa masahani yote inje anasema yana masikio, bajomba bakamupeleka kwenye chumba cha maombi, bakamufunga mnyororo miezi tatu, na siku ya kumufunga alipiga mateke sana, mjomba akanipigia kelele, "Nzigire, mushike miguu!" nikamushika, nilikuwa na myaka kumi na tano, Maman, akaniangalia, akaacha kupiga mateke sababu ni mimi.

Leo anapata sindano kila mwezi, sauti zimetulia, analima maharagi, anachekesha bateja bangu. Lakini juma lililopita mteja alifunga kinga yake, ile baiskeli, na mnyororo kwenye mlango, Mukengere akaangusha beseni, akaruka dirisha, tukamukuta kwenye migomba anatetemeka, amejikojolea. Fabien anasema ugonjwa umerudi, baongeze dawa. Nikamuuliza, "Kaka, umesikia sauti tena?" Akasema, "Hapana. Nimesikia mnyororo." Sijamwambia muuguzi wa sindano kitu, maana ataniuliza nani alikuwa pale siku ya kumufunga. Na Mukengere akinichukia, nitafanya nini?

Nzigire, Mibirizi

Nzigire mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekukasirikia. Miaka yote hii wanamtibu kaka yako, na wewe umekaa na nusu ya habari mfukoni! Mtu anayesikia sauti anaumizwa kama wewe na mimi, na anakumbuka. Hofu ile ni kidonda cha mnyororo, kina matibabu yake, na muuguzi hawezi kutibu asichoambiwa. Fabien aache kupima dawa kwa macho.

Ulikuwa mtoto, uliamriwa na watu wazima. Kosa lao usilibebe. Lako ni huku kunyamaza.

Kwanza muulize Mukengere: "Kaka, naweza kumwambia muuguzi juu ya mnyororo?" Habari ni yake, ruhusa ni yake. Akikubali, nendeni pamoja, msingojee siku ya sindano. Baiskeli zote zikae mbali na mlango wako. Hofu ikimkamata, usimshike hata kidogo. Kaa karibu, mwite jina, mwambie yuko Mibirizi, kwako, na mlango uko wazi.

Halafu umuombe msamaha, kwa maneno machache, bila kulia mpaka yeye ndiye akubembeleze. Akijibu, sawa. Asipojibu, pika chakula, mle pamoja.

Unauliza kama atakuchukia. Nzigire, yeye alikuona ukimshika. Hajawahi kusahau, na bado ni kwako alikuja kuishi.

Maman Kamikazi