Fundi Kibwe Hakusema Hivyo

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini kwa ulivyonilea siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia, hata kama sijui mbele yako sasa ni wapi.

Nakuandikia nikiwa kazini, stesheneri. Umeme umekatika, wateja wameondoka wakisonya, na mimi nimebaki na kompyuta yangu yenye chaji. Habari nitaisema mapema ili usikae roho juu: Baba anakula. Baba anacheka. Juzi kagombana na muuza mbao mpaka yule kijana akaomba radhi kwa kosa ambalo nadhani hakulifanya. Mama, nimeshusha pumzi. Ulipoondoka niliibana mahali fulani kifuani, na sasa nimeishusha.

Maana baada ya kukuzika tulikuwa tunampoteza na yeye. Unajua masikio yake yalivyo. Mashine za kurandia mbao pale Keko zimeyamaliza, na kile kifaa cha kusikilizia alikivaa siku moja tu, akasema kinampigia mluzi kichwani, akakifungia kabatini. Kilichokuwa kimebaki ni sikio la kushoto, na hilo lilikuwa lako peke yako. Nilijaribu kukaa upande wako nikamsemea kwa nguvu zangu zote. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, unanipulizia tu." Basi akanyamaza. Watu walikuja kumpa pole, akaitikia kwa kichwa. Chai ikapoa mbele yake. Ukimwandikia neno kwenye simu kwa herufi kubwa anasoma, anasema sawa, na anarudi kule alikokuwa.

Nilikuwa naikumbuka ile saa yenu ya jioni. Simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, nyie wawili mmekaa mkekani, tamthilia yenu ya wapangaji inaanza, na wewe mdomo sikioni kwake unamsimulia kila kinachosemwa. Mtaa mzima ulikuwa unasikia. Mama Rehema wa chumba cha pili alikuwa anapiga kelele dirishani, "Mama Salum jamani, punguza! Mie hiyo sehemu bado sijaiona!" Na wewe wala hupunguzi.

Kaka Salum ndiye aliyeanza kutafuta dawa. Unamjua mwanao, akiumia moyo ananunua kitu. Alivuka kutoka Kigamboni na tivii kubwa kama mlango, na akawalipia mwaka mzima wale wenye aplikesheni ya tamthilia, ili Baba awe anaona nyuso za watu vizuri. Tukamkalisha Baba mbele, kanzu safi, tukachomeka waya kutoka kwenye simu. Tivii ikawa nyeusi tii. Sauti ikatoka safi kabisa.

Hebu fikiria, Mama. Mzee asiyesikia, mbele ya tivii mpya, na kitu pekee kinachotoka ni sauti. Sisi tunamsikia Bi Zamda mwenye nyumba akiwafokea wapangaji wake, yeye anatazama kiza. Akatuangalia mmoja mmoja, akauliza kwa upole, "Imeanza?"

Nilitoka nje nikalia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Fundi wa simu wa pale kona alikuja kutazama, akasema, "Hii siyo mbovu, sista. Hii imefungwa. Wenye video wameweka kufuli, picha haitoki kwenye simu mpaka kila kifaa kijitambulishe kwao, na hii tivii yenu hawaitambui." Salum aliona aibu kama yeye ndiye aliyelitia hilo kufuli, akajifanya anawahi pantoni.

Nikasema ngoja nijaribu kwenye kompyuta yangu. Unakumbuka virusi vilipotumaliza hapa dukani, tukaamua kutumia programu huria tu, zile ambazo yeyote anaweza kuona zimetengenezwaje, akazirekebisha na kumgawia mwenzake. Wewe uliniuliza, "Sasa kama ni za bure, wao wanakula nini?" Basi kompyuta yangu ndiyo ya namna hiyo. Kufungua tovuti ya wale wenye aplikesheni, ikaniambia hainionyeshi kitu mpaka niingize kipande chao cha programu, ambacho ndani yake hakuna anayeruhusiwa kutazama. Ni kama mgeni anabisha hodi, halafu kabla hajakaa anadai ufunguo wa chumbani kwako na hataki kusema wa nini. Nikamkatalia.

Wala sikukataa kwa ukaidi tu, ingawa najua ungesema ni ukaidi. Hata ningekubali, Baba angepata picha za midomo inayochezacheza. Alichohitaji ni maneno, yameandikwa chini ya picha, kwa Kiswahili, makubwa. Wenyewe hawakuyaweka, na kufuli lao lilikuwa halimruhusu mtu mwingine ayaweke. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya kweli. Tumelipa, tunaruhusiwa kutazama, lakini haturuhusiwi kumsaidia mzee wetu aelewe.

Nikawatafuta waigizaji wenyewe. Kumbe yule anayeigiza Bi Zamda anakaa huku huku kwetu Temeke, na namba ya kikundi chao iko wazi. Nilimpigia, nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa ile sauti yake ya kufukuza wapangaji, nikamweleza. Akauliza, "Huyo mzee hasikii kabisa? Sasa alikuwa anatuangaliaje?" Nikamwambia mama yangu alikuwa anamsimulia. Akasema msimu wa pili wameshawauzia wenye aplikesheni na hawana la kufanya, lakini msimu wa kwanza ni wao wenyewe, wameuweka kwenye tovuti ya kikundi bila kufuli lolote. Pakua, akasema, gawa, andika hayo maneno, na ukimaliza na sisi utupatie, maana wazee wa namna hiyo si mmoja.

Nilipakua. Mama, video ikakaa kwenye kompyuta yangu kama vile picha inavyokaa kwenye albamu, haimuulizi mtu ruhusa. Kwenye programu yangu ya kutazamia naweza kuisimamisha, kuirudisha nyuma, kuipunguza mwendo, na kuipachikia maandishi yoyote ninayoandika. Kazi yangu ni kuchapa, unajua vidole vyangu. Kila nikifunga duka nachapa wanachosema wapangaji wa Bi Zamda. Nikachomeka waya kwenye tivii ya Salum, na picha ikatoka.

Jumapili moja alasiri nikamwekea Baba sehemu ya kwanza. Alikaa mkekani kwake, kushoto kwake akaacha nafasi. Herufi zilipotokea akasogeza miwani, midomo ikaanza kucheza taratibu, anasoma. Nilikuwa namtazama yeye, sikutazama tivii. Ghafla akainua mkono.

"Hawa mwanangu, simamisha. Umekosea. Fundi Kibwe hakusema hivyo."

Unamkumbuka Fundi Kibwe, yule seremala wa kwenye tamthilia, kazi moja na Baba, ambaye vitanda vyake vinavunjika kila sehemu na watu wanaanguka usiku wa harusi. Kwenye video anasema mwenyewe, bila haya, kwamba yeye anabandika kwa gundi tu, mteja akishafika nyumbani shauri yake. Hivyo ndivyo nilivyoandika. Baba akanikazia macho. "Mama yako aliniambia Bi Zamda ndiye anayeleta mbao mbichi. Fundi anamkataza, yeye hasikii."

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikamwandikia kwenye simu kwamba ndivyo anavyosema, Baba, gundi tu. Akaisoma simu kwa muda mrefu. Akasema, polepole, "Hata mimi niliona mkono wake unakwenda kwenye gundi. Nikamwamini mama yako kuliko macho yangu." Akainuka, akatoka uani.

Hapo nikajiona mpumbavu. Nilidhani ninamrudishia kitu, kumbe nimemwingilia kwenye kitu cha mwisho alichobaki nacho kutoka kwako, na nimekuonyesha kuwa mwongo na wewe huna nafasi ya kujitetea. Mkono wangu ulikuwa tayari unafuta yale maandishi. Kisha nikasikia sauti huko uani, ya mtu anayekosa pumzi, nikakimbia bila viatu.

Alikuwa ameegemea ukuta anacheka. Anacheka mpaka miwani imemdondoka, machozi yanamtiririka, na baadaye sikujua tena ni kicheko au ni kilio, nadhani vyote. "Yule mwanamke!" akasema. "Yule mwanamke! Na mimi nikifika Keko nawaambia mafundi wenzangu, tamthilia ile tu ndiyo inamtetea seremala! Wakawa wananiitikia kwa vichwa, ndiyo mzee, ndiyo mzee!"

Mama, ulikuwa unafanya nini? Tumeipitia yote sasa, na kila sehemu uliyomsimulia ina maneno yako ambayo kwenye video hayapo. Kumbe Bi Zamda hakuwahi kuwaambia watu wa presha wapunguze chumvi. Baba alipogundua hilo alipiga paja: "Nimeacha chumvi kwa ajili ya Bi Zamda!" Hakuna mpangaji aliyesema kwamba mwanamume anayeoga kabla ya kula huishi miaka mingi. Na yule kijana aliyemkimbia mke wake, kwako alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake Lindi na angerudi. Mtu yeyote uliyemwonea huruma ulimbadilishia maneno, na Baba uliyempenda ukamfichia kwamba kuna seremala mbaya duniani.

Nilipomuuliza kama niendelee kuandika ya kweli, Baba akasema niandike, kwa sababu kina Bi Zamda wanayangoja, lakini niandike na ya kwako pia. Programu yangu inakubali. Video moja, maandishi mawili, unachagua kwa kubonyeza. Basi kila alasiri ya Jumapili tulikaa, mimi nasimamisha picha, yeye ananieleza ulichomwambia pale. Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka mpaka pale uliponyamaza ili umeze mate. Mtu aliyekuwa anajibu sawa, sawa, sasa anaongea mpaka koo linakauka, anaomba maji, kisha anaomba na chakula. Nilikuwa nachapa na siamini. Salum alipokuja akasoma maandishi yako kwenye tivii yake kubwa, alikaa sakafuni kama mtoto, akasema, "Huyu ni mama kabisa." Akasahau pantoni.

Yale ya kweli nimeshawapa waigizaji. Wameyaweka kwenye tovuti yao, na dada mmoja wa Vingunguti amewaandikia kwamba mdogo wake, aliyezaliwa hasikii, sasa anawacheka wapangaji pamoja na wenzake, hachelewi hata kidogo. Ya kwako hayajatoka nyumbani. Baba amekataa, anasema hayo aliambiwa yeye.

Ikabaki sehemu ya mwisho ya msimu. Hiyo hukuisimulia, Mama, ilitoka ukiwa wodini. Ina maandishi ya namna moja tu. Niliichelewesha makusudi, nikisingizia kazi, kwa sababu niliogopa akifika pale ambapo hakuna neno lako ataingia tena kwenye ule ukimya. Wiki iliyopita akaniambia, "Weka." Nikaweka.

Aliisoma yote bila kuinua mkono. Ilipokwisha akavua miwani, akaikunja. Kisha akageukia kushoto kwake, pale pako ambapo mpaka leo hakuna anayekaa, akaanza kukusimulia. Kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia wenyewe. Alianza Bi Zamda anapofungua mlango, akakueleza wapangaji walisema nini, nani alijibu nini, na mwisho Fundi Kibwe yakamkuta yapi. Nilikuwa nimesimama na waya mkononi. Maneno ya sehemu ile niliyachapa kwa vidole vyangu, nayajua moja baada ya jingine, lakini sikuinua mkono kama alivyoinua yeye siku ile, na Mama, kwa mara ya kwanza tangu uondoke sikumwogopea.

Nenda kapumzike sasa. Mwenyezi Mungu akupanulie huko uliko, akuweke karibu na watu wanaopenda hadithi. Baba ninaye, simwachi. Na nakuahidi jambo moja: hiyo sehemu ya mwisho, alivyokusimulia yeye ndivyo ilivyokwisha. Mimi nimeiona, lakini kwangu hutasikia neno.

Mwanao,
Hawa