Kwa Binti Yetu Redio, na kwa Kila Anayesimama Kutwa Kazini

Mwaka mmoja umetimia sasa, mwanangu, tangu ulipotoka hapa nyumbani na begi lako dogo kwenda kusikiliza muziki, na hukurudi.

Ulipiga pasi kwa dobi miaka kumi na moja. Wenzako walikuita Redio kwa sababu ulikuwa huzimiki. Unaanza kuimba chinichini na shuka la kwanza asubuhi mpaka shati la mwisho jioni. Bosi wako alituambia msibani kwamba chumba cha pasi kikiwa kimya alijua kuna nguo imeungua.

Likizo zako tulizizoea. Wengine hujiuliza waende wapi, wewe uliuliza nani anapiga. Ukishajua bendi gani itakuwa mji gani na tarehe gani, ndipo unaomba ruhusa. Siku zako ishirini na nane ulizikata vipande vipande: tatu za kwaya, nne za tarumbeta, tano za yule mzee wa saksafoni uliyemfuata miji sita. Kalenda ya ukutani uliijaza wino mwekundu mwezi wa kwanza haujaisha. Mdogo wako alikutania, "Dada, mwakani utaomba likizo ukasikilize kengele ya shule." Ukamjibu, "Inategemea anayeigonga."

Kuna mwaka ulinichukua na mimi. Nililalamika mgongo njia nzima. Tulipofika ulikunja sweta lako ukaniwekea kwenye benchi nikalie. Kwaya iliimba kwa muda wa karibu saa nne. Nilipokutazama ulikuwa umefumba macho, na mkono wako unakwenda mbele na nyuma juu ya goti kama unapiga pasi. Nyimbo sikuzielewa zote. Nilielewa kwamba mwanangu ana raha.

Sasa niseme kilichonifanya niandike, maana sifa peke yake hazitamsaidia mtu.

Wiki moja kabla ya safari, kigimbi chako cha kushoto kilivimba. Ulisema kazini wanauita mguu wa pasi, kwamba anayesimama kutwa huvimba jioni na asubuhi miguu imenywea. Wako asubuhi haukunywea. Mimi nikakubali hivyo hivyo, nikakukanda kwa maji ya moto siku tatu. Baba yako alisema uende hospitali kwanza. Ukamwambia, "Baba, ruhusa yangu inaanza Ijumaa, na yule mzee hapigi mara mbili. Nikirudi nitakwenda." Nami nikakutetea. Nilisema, "Mwache mtoto, amengoja mwaka mzima." Maneno hayo ni yangu, siwezi kumbandikia mtu mwingine.

Ulikaa kwenye basi kwa muda wa saa kumi na mbili, miguu imekunjwa. Kesho yake mchana ulimpigia mdogo wako ukiwa mlangoni pa ukumbi. "Nimefika, wanajaribu vyombo. Ila pumzi inanikatika, sijui ni hizi ngazi." Hazikupita dakika kumi simu yako ikapiga tena, nikapokea mimi. Aliyeongea alikuwa mkata tiketi. Aliniuliza, "Mama, wewe ni nani kwake?"

Daktari alitueleza kwamba damu iliganda ndani ya mguu, na lile donge likapanda mpaka kwenye mapafu. Akauliza ulivimba mguu mmoja au yote miwili. Tukasema mmoja. Akasema uchovu wa kusimama kwa kawaida huvimbisha yote miwili. Hilo hatukulijua, nyumba nzima, na chumba kizima cha pasi.

Basi wewe unayesoma, mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa wa moto, usiukande wala usipande nao basi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usimsikilize mama anayekuonea huruma. Likizo utaomba nyingine.

Baada ya msiba nilikataza muziki humu ndani. Miezi saba hakuna aliyethubutu hata kupiga mluzi. Siku moja mdogo wako alinifuata jikoni, akaniuliza taratibu, "Mama, kwani muziki ndio uliomuua dada?" Niliendelea kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Wiki ijayo mdogo wako anakwenda kumsikiliza yule mzee wako wa saksafoni, kwa ruhusa yake ya kwanza tangu aajiriwe. Moyo wangu hautulii, lakini sikumkatalia. Nimempa sharti moja: asubuhi ya safari asimame mbele yangu apandishe suruali, nivitazame vigimbi vyote viwili, nivishike. Anasema nimekuwa mlinzi wa getini. Nimemwambia acheke anavyotaka, ila aonyeshe.

Unakumbukwa na baba yako, na mimi mama yako, na mdogo wako, na shangazi zako, na bibi yako ambaye bado anauliza safari hii umekwenda kumsikiliza nani, na wenzako wote wa chumba cha pasi. Hatujakusahau, Redio wetu, na hatutakusahau maisha yetu yote.