Mstari Mmoja wa Risala ya Mzee

Jumamosi

Uso bado unaniwaka. Siku tatu nimeandika risala ya kumshukuru Mzee, mbunge wetu wa zamani na waziri mstaafu, halafu leo ananikatiza mbele ya kijiji kizima!

Nilikuwa nasoma, "Ukatuletea kisima cha pampu," akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, hicho kifute. Kilitoa maji miezi miwili, spea zikakosekana, mimi nikahamishwa wizara nikakisahau. Siku hizi spea zimejaa madukani na bado hakuna maji. Hawa wanakipita kila siku na ndoo kichwani. Usiwasomee uongo."

Mkuu wa wilaya akaangalia viatu vyake.

Na mimi nilijua. Kisima kiko nyuma ya shule yangu, watoto wanachezea mpini wake. Lakini risala ndivyo zinavyoandikwa, kila mtu anajua, sasa yeye...

Ndipo mama mmoja wa safu ya nyuma akapiga kigelegele, na wenzake wakamfuata. Nilipotaja barabara na zahanati hawakupiga hivyo.

Baadaye nilimfuata kumwomba radhi. Alikuwa na kaunda suti yake ile ile ya enzi za uwaziri, imepauka mabegani. Akaomba kalamu yangu, akaukata mstari wa kisima, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

"Iliyobaki naipokea, mwalimu."

Nimekasirika naye, sitaficha. Ila nimekaa hapa naikumbuka mistari yote aliyoiacha, na ndiyo mara ya kwanza naiamini.