Oili Nzito ya Baba Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, pokea salamu zangu, na unisaidie kabla sijafanya jambo litakaloniharibia kwa mtu ninayemheshimu kuliko wote baada ya wazazi wangu, maana mwenzio nimekwama na hata usingizi wangu siku hizi ni wa mang'amung'amu.

Mimi ni dereva wa gari dogo la dizeli, nabeba watoto wa shule asubuhi na kuwarudisha mchana, gari ni letu mimi na mume wangu, si jipya lakini ni la kisasa, na tangu tulilete nyumbani anayelitunza ni baba mkwe, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa malori na sasa amestaafu, macho yamepungua nuru, magoti yanamsumbua, lakini ukimfungulia boneti anakuwa mtu mwingine kabisa, mpaka mgongo unanyooka. Mshauri, sijui nikuelezeje huyu mzee. Siku ya kwanza aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini ikiwa inanguruma, akaniambia, "Njoo mama, tega sikio hapa kwenye mpini," nikainama nikatega, na nilichosikia mpaka leo sijui nikisimulieje, humo ndani ya chuma kulikuwa na vitu vingi vinakimbizana, vinapanda, vinashuka, kila kimoja na zamu yake na hakuna kinachomgonga mwenzake, nikahisi mwili unanisisimka. Nikamuuliza, "Baba, vyote hivyo vinasuguana humo na haviishi?" Akacheka. "Haviishi kwa sababu havigusani, mama. Humo chuma kinaelea juu ya oili." Tangu siku hiyo siwashi gari bila kuogopa kidogo, ule woga wa kuheshimu.

Sasa tatizo ni hiyo oili yenyewe. Baba anatia oili nzito, namba arobaini, ile ile aliyokuwa akitia kwenye malori, anayo kwenye dumu lake la chuma ambalo haruhusiwi mtu kuligusa, na kabla hajamimina huchovya vidole akaisugua huku amefumba macho, sisi wote tumesimama pembeni, hata wanangu watundu wanajua kwamba hapo hapaongelewi. Akimaliza anasema, "Hii inashika," ndipo tunapumua. Basi juzijuzi ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi, nikamwita, akainama akaitazama kwa karibu sana, akasema, "Hiyo taa ni mbea tu, injini nimeisikiliza iko salama," akabandika plasta juu yake, plasta ya kidonda, nami kwa jinsi ninavyomwamini nikaendesha gari na plasta yake. Siku gari lilipoishiwa nguvu mlimani, nakanyaga haliendi, watoto nyuma wanaimba hawana habari, lori limenikalia mgongoni linapiga honi, ikabidi niegeshe pembeni. Nilipofungua kitabu cha gari nikakuta kinataka oili nyepesi, tena yenye herufi maalumu kwa ajili ya filta iliyoko kwenye ekzosi, na kimeonya mtu asithubutu kutia nyingine.

Mume wangu, ambaye ni mtoto wake wa kumzaa na anamwogopa kuliko mimi, anasema tusimwambie kitu. Anataka siku mzee akiwa kliniki tumwage ile nzito iliyomo kwenye dumu lake, tuweke hii ya kitabu, yeye aendelee kumimina bila kujua. "Mzee anafurahi, gari linapona, tatizo liko wapi?" Mimi moyo unakubali na unakataa. Tangu aache kazi hana kingine hapa nyumbani kinachotufanya sote tumsubiri yeye, na nikimwambia kwamba oili yake ndiyo inayoua gari, naogopa hatafungua boneti tena, atakaa kwenye kiti chake kile cha barazani mpaka mwisho. Nimdanganye au nimvunje moyo? Nisaidie, nitafuata utakachosema.

Ni mimi,
Mkwe wa Fundi

*

Mkwe wa Fundi,

Watu huniandikia kuhusu waume waliohamia chumba cha pili na mashoga walioondoka na sufuria. Barua yako nimeisoma nimesimama. Kabla ya kushika kalamu hii niliuza vipuri kwa miaka mingi, na siku moja mimi pia nilitega sikio kwenye mpini wa bisibisi, kwa hiyo huna haja ya kunieleza ulivyosisimka. Mzee hakutia chumvi. Utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma ni mwembamba kuliko unywele wako, na juu ya utando huo ndipo inapopita nguvu yote ya kupandisha gari na watoto mlimani. Ile turbo yako, feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini, inaweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kilichoibeba ni oili. Hili nimelijua zamani, lakini kila nikilifikiria bado naduwaa.

Ndiyo maana nakushangaa, mwanamke unayeogopa injini kwa heshima namna hiyo, kubeba watoto wa watu huku taa umeifunga plasta! Imani ya namna gani hiyo, dada yangu? Ibandue leo. Na usimpakie mtoto hata mmoja mpaka gari lipimwe na fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu, aangalie hiyo filta imejaa kiasi gani. Kwa sasa mwombe dereva mwenzako akubebee watoto, na wazazi wao uwaambie ukweli.

Kuhusu oili, hapa hakuna ubishi, fuata kitabu. Malori ya baba mkwe wako hayakuwa na filta kwenye ekzosi, moshi ulikwenda zake hewani, na oili nzito iliyafaa. Lako linanasa masizi na kuyachoma lenyewe ndani ya filta. Masizi huungua, lakini majivu yanayoachwa na oili isiyo yake hayaungui, yanabaki humo yakijaa mpaka gari linakosa pumzi. Halafu oili nzito ikipoa inakuwa goigoi, asubuhi ukiwasha inachelewa kupanda juu, na huko juu vyuma vinasuguana vikiingojea. Ukienda dukani, angalia namba mbili zilizoandikwa kwenye galoni. Ile inayofuatwa na herufi W inaeleza oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi, na ya pili inavyojihimili ikichemka. Zote mbili zilingane na kitabu, na zile herufi maalumu za filta zilingane pia, hata moja isipungue. Muuzaji akikwambia "zote ni za dizeli tu, mama," mshukuru, toka, nenda duka jingine. Galoni iwe na lakiri yake. Mwage ya zamani yote, usichanganye, na ubadilishe filta ya oili siku hiyo hiyo. Mpya ikigeuka nyeusi upesi msishtuke, oili ya dizeli kazi yake mojawapo ni kubeba masizi. Na safari zako za kusimama kila kona haziipi filta ya ekzosi nafasi ya kujichoma, kwa hiyo gari likishatengenezwa, mara kwa mara lipeleke barabara kuu likakimbie.

Sasa mumeo. Mwambie mpango wake ni wa kitoto. Vidole vilivyosugua oili maisha mazima vitashindwa kujua nzito na nyepesi? Mzee akichovya tu atajua, na atajua pia kwamba ninyi mliosimama pembeni kwa adabu mnamwigizia. Na kwa jinsi ulivyomweleza, namwona akimimina hivyo hivyo bila kusema neno, kwa kuwaonea ninyi huruma. Mnalitaka hilo?

Tena kuna jambo umeliandika bila kulitazama. Umesema macho yake yamepungua nuru, na kwamba aliinama akaitazama taa kwa karibu sana. Una hakika aliona ile taa ni ya nini? Mimi nadhani aliona kitu cha njano kinawaka, akaona aibu kukuuliza wewe mkwewe, akaisingizia umbea. Na hicho kitabu cha gari, kilichoandikwa kwa herufi za sisimizi, nani katika nyumba hiyo amewahi kumsomea?

Basi ukae naye, wewe na siyo mumeo. Usianze na kitabu wala oili. Anza na mlima. "Baba, gari liliniishia nguvu nikiwa na watoto, nikaogopa sana." Nyamaza hapo, mwache aulize maswali yake, maana atakuwa nayo. Kisha msomee ukurasa wa oili na ukurasa wa filta, polepole, na mahali usipoelewa mwombe akufafanulie. Atakachoambiwa humo ni kwamba injini zimebadilika, na fundi wa kweli huchangamka akisikia hivyo. Mpe pia kazi ambayo hata ile mashine haikufanyii kila asubuhi. Gari lenye filta kama hiyo huweza kuvujisha dizeli kwenye oili polepole, oili ikapanda juu ya alama ya kijiti cha kupimia na kunuka dizeli. Macho hayahitajiki sana hapo, panahitajika pua na vidole vya mtu kama yeye, ninyi wengine mtapitwa.

Je, akikataa? Anaweza kukataa, ni mtu mzima na ana kiburi chake. Basi tia oili ya kitabu mbele yake, akiwa amesimama hapo hapo, amenuna. Usingoje aende kliniki. Atakununia na pengine hatakusemesha kwa muda, nawe uvumilie, umpelekee chai yake kama kawaida. Afadhali mzee mwenye hasira anayejua kila kinachoendelea nyumbani kwake kuliko mzee mwenye furaha ambaye watu wazima wamekaa chini wakakubaliana kumgeuza mtoto.