Ukurasa wa 31, Mstari wa Nne

Ijumaa, 8 Machi 2024

Nimetia sahihi karatasi ya kumng'oa mwanangu kwenye bodi ya shule! Mimi! Verna Kaczmarek! Tena kwa mwandiko wangu ule ule unaosifiwa na kila anayepata kadi yangu ya Krismasi.

Ni ukumbini parokiani, kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa za Kwaresima. Karatasi nyingi zilikuwa zinazunguka meza. Nilidhani ni ya bahati nasibu ya nyama, ile ambayo mshindi anaondoka na kitoweo. Sikuwa na miwani. Aliyeshika karatasi ni Marlys Lindqvist, ndiye kiongozi wa hao wanaotaka Rochelle wangu atoke. Nikamaliza. Akachukua kalamu yake, akaenda meza ya pili.

Samaki sikumaliza. Na walikuwa watamu.

Haidhuru. Sahihi mia sita hawazipati mji huu, labda wasainishe na ng'ombe.

Jumanne, 12 Machi 2024

Curt, mume wa Rochelle, kaja asubuhi kunisimikia bango mbele ya nyumba. MWACHENI ROCHELLE AFANYE KAZI. Herufi nyekundu. Eti, Mama, lako ndilo kubwa kuliko yote, mama mzazi lazima awe na kubwa. Nikampa mikate sita ya mdalasini aondoke nayo upesi.

Halafu saluni. Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Wapi! Sijafungwa hata taulo shingoni nimeshawamwagia — Rochelle wa kwanza kwetu kumaliza chuo, Rochelle anasoma bajeti ya wilaya kama wengine wanavyosoma gazeti, Rochelle alimsahihisha mkuu wa shule zote mbele za watu na yule bwana akasema asante. Fundi nywele anaitikia tu, ndiyo Verna, ndiyo Verna. Mama wa kiti cha pili tulikuwa naye meza moja Ijumaa. Alinitazama kwenye kioo. Akasema, "Kweli, mama kama wewe yuko mmoja tu."

Masikio yaliniungua. Na mashine ya kukaushia ilikuwa haijawashwa.

Bango liko nje. Naingilia mlango wa nyuma.

Alhamisi, 21 Machi 2024

Wamefikisha! Zinatakiwa sahihi 612 ndipo kura ya kumwondoa iitishwe. Wameleta 619. Rochelle kapewa nakala na siku kumi za kupinga zisizo halali. Akifuta nane, hakuna kura, anabaki kwenye kiti chake.

Kaja na sanduku zima. Macho mekundu, hajala. Akasema, Mama, kaa na mimi, wewe unamjua kila mtu hapa, aliye hai na aliyekufa.

Na kweli namjua! Kahawa haijapoa nimeshamkamata Elmer Dietz, yuko kaburini tangu Novemba, mkewe kamsainia. Wale ndugu wawili waliohamia ng'ambo ya mto, si wilaya yetu tena. Rochelle akacheka. Wiki nzima hajacheka. "Mama, wewe ni kompyuta!" Nilifurahi jamani, nilifurahi mpaka nikajisahau — halafu nikageuza karatasi. Ukurasa wa 31. Mstari wa nne. Lile V langu lenye mkia.

Nikaweka sinia la keki juu yake. Nikamwambia, tupumzike mwanangu, ule kwanza.

Alipokwenda chooni nikairudisha sandukuni. Ina duara la siagi katikati.

Tumepata saba. Saba!

Jumapili, 24 Machi 2024

Amejua.

Kaja baada ya misa, koti hajavua. Akaiweka ile karatasi mezani, na siagi yake. Nikangoja kelele. Angepiga kelele ningeshukuru.

"Mama, hukuwa na miwani. Sivyo?"

Nikasema sikuwa na miwani.

"Ulidhani ni kitu kingine."

Nikasema bahati nasibu ya nyama.

Akanikumbatia! Akaniambia, maskini mama yangu, wamekutumia wewe kunipiga mimi. Shingo yangu ililowa kwa machozi yake. Na Curt huko mlangoni anapiga makofi — hiyo ndiyo ya nane! Mama, umetuokoa!

Nimewapikia tambi na jibini. Wamekula wote wawili. Mimi sikuweza.

Jumanne, 26 Machi 2024

Nilikuwa na miwani.

Andika basi, Verna, humu hasomi mtu. Ilikuwa puani. Nilisoma kila neno, hata yale madogo ya chini. Marlys alitaka kuniruka. Alisema, huyu tumwache jamani, Rochelle ni damu yake. Mimi ndiye niliyesema lete hapa.

Ni kwa sababu ya Januari, siku bodi ilipopiga kura kuifunga shule ndogo ya Tamarack. Miaka ishirini na sita nimepika pale. Watoto wa mji huu wamekua kwa supu yangu ya maharage. Nilikaa mstari wa mbele, nimealika nusu ya parokia waje wamsikie mwanangu anavyosema. Naye akasimama kwenye kipaza sauti, na sauti ile nzuri kaitoa kwangu, akasema tuseme ukweli, pale hakuna kilichobaki ila jiko kuukuu.

Watu wote wakageuka kunitazama. Na mimi nikapiga makofi. Nikapiga kuliko wote!

Pengine hesabu zake ni sawa. Watoto pale wamebaki arobaini na mmoja. Lakini sikusaini kwa ajili ya hesabu. Nilitaka aumie kidogo. Kidogo tu, kama unavyomfinya mtoto kanisani. Nani alijua kufinya kwangu kutahesabiwa!

Curt amechapa hati ya kiapo. "Mimi, Verna Kaczmarek, nilidanganywa na Marlys Lindqvist." Nitaisoma mbele ya karani wa wilaya, mkono juu, watu wanasikia. Nisipoapa, zilizofutwa zinabaki saba, kura inaitishwa, na mwanangu ameondolewa na mama yake. Nikiapa, nimemwita Marlys tapeli mbele ya Mungu.

Rochelle kaninunulia blauzi ya kuvaa siku hiyo. Ya buluu. Imenikaa vizuri sana.

Alhamisi, 28 Machi 2024

Marlys kapiga simu. Nilikuwa nakanda unga wa Pasaka, nikapokea kwa kiwiko.

"Verna. Nasikia nilikudanganya."

Nikamwuliza habari za goti lake.

Akasema goti halijambo. Namsikia anapumua. Miaka thelathini tumeosha sufuria za parokia pamoja, yeye anasugua mimi nasuuza.

"Shoga yangu," akasema, "mimi sigombani na wewe. Nitakuja tu nikusikilize." Anakuja na wote waliokaa meza ile Ijumaa, wanane. Padri kaahidi kuja. Wapishi wenzangu wa Tamarack wanakuja. Rochelle kanitengea kiti cha mbele, karibu yake, na amewaambia watu wake wote waje wamwone mama yake.

Kiapo ni Jumatano, tarehe tatu Aprili, saa kumi na mbili jioni.